Saba za Nini? Maisha ya Fundi Vigae, Dada Yetu

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzake marehemu, walimu mliokaa safu ya pili, na ninyi mliosimama nyuma kwa kukosa viti, familia inatanguliza kuomba radhi, kwa sababu historia hii itasomwa vibaya, aliyepewa karatasi ni mdogo wake marehemu, yule ambaye wengi mnamjua kwa jina la jukwaani la Domo, mtu aliyekula mkate wake miaka thelathini kwa kuchekesha watu, na ambaye tangu asubuhi ana hasira kiasi kwamba amefunga vifungo vya koti mara tatu na mara zote tatu vimekwenda upande. Shangazi alishauri isomwe na mtu mtulivu, akatafutwa ukoo mzima, hakupatikana, mtulivu wetu ndiye huyu aliyelala mbele yenu.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, seremala, akiwa mtoto wa kwanza, akafuatiwa miaka mitatu baadaye na mdogo wake wa kiume, na baada ya huyo wazazi wakaona inatosha, anayemsikia akisoma ataelewa kwa nini. Alikua akicheza na vipande vya mbao sakafuni, akivipanga mistari, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu ukimwambia “lete tatu” haleti kitu mpaka umwambie tatu za nini.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1971, katika shule iliyokuwa karibu kiasi kwamba mama akiita nyumbani yeye anaitika darasani, akasoma vizuri, mwandiko wake ukasifiwa, hadi Jumatano, tarehe 12 Juni 1974, kipindi cha pili, darasa la nne, pale mwalimu ambaye wanafunzi walimpa jina la Radi, kwa kuwa alikuwa akipiga kabla hujamwona, alipomsimamisha na kumtaka aseme saba mara nane ni ngapi, na marehemu, mtoto wa seremala, aliyezoea kwamba vikihesabiwa vitu huwa ni vitu, misumari, mbao, miguu ya meza, akauliza kwa adabu zote, “Saba za nini, mwalimu?” Darasa likaangua kicheko, Radi akaona amedharauliwa, akampa viboko vinne, akamsimamisha uso umeelekea ukutani, akaagiza kwamba kila kipindi cha hesabu asimame pale mpaka jibu limwingie, na alisimama pale muhula mzima, ndugu waombolezaji, muhula mzima, mtoto wa miaka kumi anasoma chokaa ya ukuta, na hakuna mtu mzima hata mmoja, mwalimu, mzazi wala mpita njia, aliyejisumbua kumwambia saba za nini.

Mwezi Novemba baba alitamka kwamba kichwa cha binti ni kizito, abaki nyumbani, na Januari 1975 begi lake, sare yake iliyopunguzwa ikashonwa kaptula, na hata kipande chake cha penseli vikahamia kwa mdogo wake, ambaye aliweza kuimba jedwali la saba kuanzia moja hadi kumi na mbili bila kuvuta pumzi, kama kasuku aliyemeza redio, na kwa sababu hiyo akahesabiwa kuwa ndiye mwenye akili. Familia inaomba mtu asicheke hapo. Kama kuna kicheko kimekubana, kimeze, kina miaka hamsini, hakiharibiki.

Kuhusu kazi, mwaka 1979, akiwa na miaka kumi na mitano, marehemu alichukuliwa na mjomba wake, fundi wa kupanga vigae, awe anamkorogea saruji na kumlowekea vigae kwenye ndoo, na ilikuwa Aprili 1981, katika bafu la zahanati, mjomba alipomwachia ukuta mmoja aupange mwenyewe, safu saba kwenda juu, kila safu vigae vinane. Alipomaliza alirudi nyuma kuangalia kama umenyooka, uzi wa kupimia ukiwa bado umening'inia katikati, umegawa ukuta sehemu mbili, upande huu kila safu ina vigae vitano na upande ule vitatu, na vitano aliviweza tangu utotoni kwa vidole vya mkono mmoja, saba za tano thelathini na tano, na zilizobaki saba za tatu ishirini na moja, akajumlisha, akapata hamsini na sita, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia. Mjomba akamuuliza, “Kuna kigae kimevunjika?” Akajibu, “Hapana mjomba, nimeziona zile saba.” Mjomba hakuelewa, akamwambia asikalie ndoo.

Kuanzia siku hiyo hadi mwaka 2021, kwa miaka arobaini, dada huyu alipanga sakafu na kuta za wodi, vyoo vya shule, majiko, benki mbili na korido ambazo baadhi yenu mlipita jana mkija kutoa pole, alikuwa akisimama mlangoni, anaangalia chumba kwa macho mawili, anataja idadi ya vigae, na wasimamizi wenye vyeti vya hesabu walikuwa wakipiga kwenye kikokotoo ili wamkamate, hawakumkamata. Alikata vigae kwa mashine kavu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na wakandarasi, ambao hatutawataja kwa kuwa tumeambiwa leo ni siku ya kusameheana, walimpa kofia na barakoa siku ya kupigwa picha, na picha ilipokwisha vyote vikarudishwa stoo.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Mei 1985, na dereva wa lori la mchanga, mtu mpole aliyekuwa akileta mchanga mahali ambapo hakuna aliyeagiza ili apate sababu ya kumwona fundi, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1987, ambaye leo ni fundi cherehani, na mzee wa lori akatangulia mbele za haki tarehe 19 Agosti 2009. Marehemu ameacha mtoto huyo mmoja na mjukuu mmoja wa kike, mwenye miaka minane, mwanafunzi wa darasa la tatu, aliyekaa pale karibu na mama yake akiwa amevaa soksi nyeupe, ambaye nyumbani anaitwa Kifutio, kwa sababu huandika jibu, akalifuta, akaliandika, akalifuta, mpaka daftari linatoboka na jibu linaingia ukurasa wa pili.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa mwaka 2021, na Agosti 2022 daktari wa kifua aliinua picha kwenye mwanga na kusema mapafu yamejaa vumbi la mawe, aache kazi, na fundi ambaye hajawahi kukaa kitako mchana akakaa kibarazani na sanduku la vigae vilivyovunjika, hana la kufanya, ndipo Februari mwaka huu alipomsikia Kifutio ndani akiimba, “saba moja saba, saba mbili kumi na nne,” kwa sauti ileile ya kasuku ambayo nyumba ile iliwahi kuisikia. Akamwita. “Mjukuu wangu, niletee saba mbili.” Mtoto akachukua chaki, akaandika saba kwenye kigae kimoja, mbili kwenye kingine, akavileta vyote viwili kwa heshima, kama mtu anayepeleka chai. Bibi akaviangalia. “Hii ni saba na jirani yake. Mimi nataka saba mbili.” “Bibi, kwani saba za nini?” mtoto akauliza, na marehemu akamvuta, akamkumbatia mpaka kikohozi kikamkatiza, kisha akamwambia, “Za vigae, mwanangu. Hapa kwangu ni za vigae. Kaa chini.”

Familia inaomba muda hapa, kwa sababu hili ndilo marehemu alilolifanya kwa ustadi kuliko yote, na hakuna cheti chake. Alimfundisha mtoto kwamba saba mbili ni safu mbili za vigae saba, ushike kwa mkono, uhesabu ukitaka, hakuna anayekukimbiza. Siku ya pili akampangisha safu saba za vigae vinane, akamwambia amwambie ni ngapi mara ngapi, kisha akamtoa, akamzungusha upande wa pili wa kibaraza, “Na ukiwa huku?” “Nane mara saba.” “Vimeongezeka?” Mtoto akahesabu vyote, kimoja kimoja, kwa sababu hamwamini mtu, akasema, “Bibi, vigae viko palepale, mimi ndiye niliyehama.” Jioni ile karibu nusu ya jedwali lililobandikwa ukutani ilipigwa msalaba, maana anayejua tatu mara nane hakuna haja ya kumtesa na nane mara tatu. Wiki iliyofuata akamfundisha kukata, kwamba safu ngumu huikodolei macho, unaikata pale unapopaweza, nane unaikata tano na tatu, na tisa ni kumi iliyovuliwa safu moja. Mtoto akauliza sifuri mara nane je, bibi akamwambia, “Hiyo ni sakafu ya fundi ambaye hajaja kazini.” Binti yake alitoka na sindano mdomoni kuona wanacheka nini. Mdogo wake marehemu, aliyekuwa amekuja kula, alisimama mlangoni na sahani, akaona jedwali la saba kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na miaka hamsini na saba, na hakusema kitu, jambo ambalo laiti angelizoea.

Sasa tuje shuleni. Shuleni kwa Kifutio hesabu huulizwa kwa filimbi, mwalimu anapuliza, anauliza, anahesabu moja, mbili, tatu, na asiyejibu kabla ya tatu hajui, imekwisha, awe ameelewa au amelala. Mwezi Juni Kifutio alipata mbili kati ya ishirini, daftari lake lenye michoro ya vigae likarudi na mstari mwekundu, “Usichore. Kariri,” na barua ikaja kwamba asipojibu vizuri mbele ya mwalimu mkuu tarehe 11 Oktoba, mwakani atarudia darasa la tatu. Marehemu aliisoma barua hiyo mara mbili, akaomba viatu vyake, na Jumatatu, tarehe 24 Juni, alikwenda mwenyewe kwa miguu, akipumzika kwa fundi baiskeli, kwa muuza magazeti na kwenye ngazi za shule, safari ya dakika saba aliyoitembea kwa saa nzima.

Mwalimu mkuu, ambaye tunamshukuru kwa kufika, na tunamwomba asiinuke bado, alimwangalia fundi huyu mlangoni, akamtambua, akaanza kucheka. “Wewe si dada yake Domo? Yule wa ‘saba za nini’?” Ndugu waombolezaji, mdogo wake marehemu alikuwa ameuchukua ule ukuta na ule muhula, akaufanya kichekesho, kwa miaka ishirini na miwili akakicheza kwenye kumbi, kwenye harusi, hata kwenye sikukuu ya walimu, anapinda miguu, anatoa ulimi, anaiga sauti ya mtoto wa miaka kumi, na watu wanavunjika mbavu, na marehemu aliwahi kukaa safu ya mbele, akapiga makofi, kwa sababu ni mdogo wake. Basi pale ofisini alisubiri kicheko cha mwalimu mkuu kiishe, kama anavyosubiri saruji ikauke, kisha akamuuliza, “Mwalimu, saba mara nane ni ngapi?” “Hamsini na sita,” upesi, kabla ya moja. “Kwa nini?” Mwalimu mkuu akatabasamu, akaacha, akapanga kalamu zake, akasema, “Kwa sababu ndilo jibu.”

Marehemu akainama, akaonyesha kwa kidole sakafu ya ofisi ile, aliyoipanga kwa mikono yake mwaka 2003, kutoka mlangoni hadi kwenye meza safu saba, kutoka kabati hadi dirishani vigae vinane. “Zihesabu, sina haraka. Miaka kumi na moja ya ukuu wako hapa, mwanangu, umeweka miguu juu ya jibu.” Mwalimu mkuu alizihesabu, hilo tumpe, alizihesabu kwa midomo, na aliponyanyua uso hakuwa anacheka, lakini akasema sheria ni sheria, na marehemu akamwambia hajaja kuomba sheria ifutwe, amekuja kuomba pumzi, mtoto anapanga kichwani na kupanga kunataka muda. Wakapatana kwamba, kwa heshima ya mvi zake, Kifutio ahesabiwe hadi kumi badala ya tatu, maswali matano, asikose hata moja, na asisaidiwe na mtu. Kumi! Mtu amepanga sakafu za nusu ya mji, anakwenda kupigia magoti sekunde saba za mjukuu wake.

Tarehe 2 Oktoba marehemu alilazwa hospitali kuu, wodi ya ghorofa ya pili, na hata pale, chali, mrija puani, alimgundulia mjukuu wake kazi kwenye dari ya mbao za mraba, safu tisa kwa kumi na mbili, “zifanye kumi, uvue safu moja,” na muuguzi wa zamu ya mchana akasimama na trei ya dawa akitafuta naye, mtoto akamtangulia kusema mia na nane. Siku ya Jumatano alimwita binti yake na mdogo wake, akasema kwa vipande, “Ijumaa mtoto aende shule. Mkinizika, nizikeni mimi peke yangu, msinizike na mtihani wa mtoto,” na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024, saa tatu na dakika ishirini, akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi minane na siku saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hususan muuguzi wa trei, majirani waliopokezana kufua na kupika tangu Alhamisi bila kuulizwa, mafundi vigae waliofunga kazi jana na leo, na tunaona bado mna saruji kwenye kucha, msizifiche, ndiyo heshima yake, akina mama wa cherehani za jirani waliomshonea binti nguo ya msiba kwa siku moja, na walimu wote mliokuja. Wengi mmeuliza hapa tangu asubuhi, kwa kunong'ona, Kifutio alifanyaje Ijumaa, na familia iliamua lisisemwe, lakini karatasi iko kwa Domo.

Mtoto alikwenda. Mama yake alikuwa chumba cha maiti anashughulikia karatasi, kwa hiyo aliyempeleka ni babu yake, huyu mdogo wa marehemu, akawekwa kwenye benchi nyuma ya darasa na kuambiwa anyamaze. Sita mara nne, ishirini na nne, kwenye hesabu ya pili. Tatu mara nane, ishirini na nne, akaongeza bila kuulizwa kwamba ni vigae vilevile. Tano mara tisa, arobaini na tano. Tisa mara sita, “sitini toa sita, hamsini na nne.” Ndipo mwalimu mkuu akauliza saba mara nane, na mtoto akafumba macho, mkono wake ukaanza kwenda hewani taratibu, anapanga, safu kwa safu, na mwalimu mkuu anahesabu, moja, mbili, tatu, na huku nyuma babu yake jasho linamtoka, nne, anaona mtoto amekwama, kumbe hajakwama, anakata tano na tatu, na kwenye hesabu ya tano babu akashindwa, akanong'ona, “Hamsini na nne!”

Sasa mnong'ono wa mtu wa jukwaani si mnong'ono wenu ninyi, amefundishwa kunong'ona mpaka muuza tiketi aliye nje asikie. Darasa zima liligeuka. Kifutio akafumbua macho, “Siyo, babu! Hiyo ni ya tisa mara sita,” kisha akamgeukia mwalimu mkuu, “Thelathini na tano na ishirini na moja, hamsini na sita,” kwenye hesabu ya nane. Mwalimu mkuu akafunga daftari. “Amesaidiwa.” Babu akaruka, “Amesaidiwa nini, mwalimu? Nimempa uongo!” “Sheria haisemi msaada uwe sahihi.”

Kwa hiyo mtoto anarudia darasa la tatu, ndugu zangu, na hasira mliyoisikia tangu mwanzo ilikuwa inatafuta mlango wa kuingia, ikabisha kwa Radi, kwa baba, kwa wakandarasi, kwa mwalimu mkuu, na kila mlango ina haki yake ya kubisha, lakini jana usingizini na leo hapa imekataa kuondoka nyumbani kwake, kwa huyu anayewasomea. Mwalimu mkuu, sasa unaweza kuinuka, familia inaomba mbele ya mashahidi hawa mtoto aulizwe upya Jumatatu, maswali yoyote, hesabu ya kumi, na babu yake atashinda siku hiyo mtaa wa tatu, amelindwa na mafundi wanne wenye mwiko.

Pumzika, fundi, kwa amani uliyoipanga kwa mikono yako. Mjukuu wako anajua kuzidisha, mdogo wako ndiye hajajua kunyamaza.